Hell's Gate, mbuga ya asiye na gari

Katika mbuga nyingi za Kenya, sheria ya kwanza anayosomewa mgeni langoni ni kwamba haruhusiwi kushuka kwenye gari. Sheria hiyo ina sababu zake, na anayeijua Tsavo au Maasai Mara hawezi kuipinga. Lakini ina gharama ambayo ni nadra kutajwa: asiye na gari haingii. Mwalimu wa Gilgil, kinyozi wa Kayole, mwanafunzi wa chuo anayeishi kwa mkopo wa serikali, wote ni wenyeji wa nchi inayojulikana duniani kote kwa wanyama wake, na wengi wao wamemwona twiga kwenye sarafu ya shilingi 1 na simba kwenye ile ya shilingi 10 kabla ya kumwona hata pundamilia mmoja porini.

Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache zilizomfungulia mtu huyo mlango. Iko karibu na Ziwa Naivasha, kilomita kama 90 kaskazini-magharibi mwa Nairobi. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984, na kwa kilomita zake za mraba 68 na ushei ni ndogo mno ukiilinganisha na Tsavo. Ndovu hawamo. Simba ni wa kusikia zaidi kuliko wa kuona. Chui na fisi wapo, ila mchana hujificha. Kwa sababu hiyo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, huruhusu watu kuingia kwa miguu na kwa baiskeli, bila gari na bila askari mwenye bunduki nyuma yao. Nasema bila kusita kwamba ruhusa hiyo ina thamani kubwa kuliko wanyama wengi ambao mbuga hii haina.

Kufika si kazi. Unapanda matatu ya Naivasha, na mjini Naivasha unabadilisha, unapanda ile inayofuata barabara ya Moi South Lake kuelekea Kamere na Kongoni. Njiani utapita mashamba ya maua, mabanda meupe ya plastiki yaliyopangana hadi karibu na maji, na makundi ya wafanyakazi wakiingia au wakitoka zamu. Unashukia kwenye njia panda ya lango la Elsa, lililopewa jina la simba jike aliyelelewa na Joy Adamson, mwandishi ambaye nyumba yake ya Elsamere bado iko kando ya ziwa. Ada ya kuingia hulipwa kwa simu kupitia eCitizen. Ni busara kulimaliza jambo hilo kabla ya kutoka nyumbani, maana mtandao wa simu langoni haufuati matakwa ya mtu.

Pale njia panda na pale langoni wapo vijana wenye baiskeli za kukodi. Nyingi ni za milimani, zilizokwishatumika, na hali zao zinatofautiana sana. Usimwonee haya mwenyewe, zikague. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, sikiliza kama mnyororo unaruka meno. Finya breki ya mbele, sukuma baiskeli uone kama gurudumu linashika, kisha ufanye hivyo kwa ya nyuma. Badilisha gia zote, si moja tu. Bonyeza tairi kwa kidole gumba, na uangalie kama kiti kimekazwa, kwa sababu kiti kinachozunguka kitakuchosha kuliko mlima wowote. Omba pampu na viraka vya pancha. Miiba ya migunga imetapakaa njiani, na kutoka langoni hadi korongoni ni kilomita kama 7 ambazo hakuna fundi. Maji chukua mengi kuliko unayodhani yatatosha.

Ukishapita lango, barabara ya vumbi inashuka taratibu katikati ya majabali mekundu yaliyosimama wima pande zote mbili. Udongo ni jivu la volkano, laini, na mahali pengine gurudumu linazama kama mchangani. Harufu inayokupokea ni ya leleshwa, kichaka chenye majani ya kijivu ambayo Wamaasai huyatumia kwapani kama manukato. Pundamilia huwa wa kwanza kuonekana, kisha swala tomi, kisha kongoni wenye nyuso ndefu, kisha ngiri na watoto wao, mikia juu. Pofu hukaa mbali zaidi na ni mwoga licha ya ukubwa wake. Twiga huonekana shingo kwanza, juu ya migunga.

Hapo ndipo mwendesha baiskeli anapojifunza jambo ambalo abiria wa gari la utalii hawezi kufundishwa. Wanyama wamelizoea gari. Kwao ni kitu kikubwa chenye kelele kisichowahi kuwafuata. Mtu aliyesimama kwa miguu miwili ni habari nyingine, kwa maana huyo ndiye aliyewawinda tangu enzi za kale. Ukipiga pedali kwa mwendo ule ule bila kusimama, pundamilia watakuangalia na kuendelea kula. Simama ghafla, shusha mguu, nyosha mkono wenye simu, na kundi zima litageuka na kukimbia mita 50. Kwa hiyo unajifunza kupunguza mwendo ukiwa bado mbali, kushuka taratibu, kuzungumza kwa sauti ya chini, kutowaelekea moja kwa moja. Baada ya saa moja hivi unajikuta unasoma masikio na mikia yao bila kuambiwa na mtu. Ni adabu ya porini, na mwili huishika haraka kuliko kitabu.

Nyati wanahitaji adabu zaidi ya hiyo. Wapo wengi Hell's Gate, hasa asubuhi na mapema na jioni, na madume wazee wanaotembea peke yao ndio wa kuogopwa. Ukimwona mmoja karibu na barabara, simama mbali na umpe muda. Asipoondoka, ondoka wewe. Kumpita kwa kasi ukitumaini baiskeli itamshinda ni upumbavu, hasa kwenye udongo ule. Kama kuna gari linakuja, subiri upite pamoja nalo, likiwa kati yako na yeye. Nyani nao hawana hatari ya namna hiyo, ila wamejifunza kwamba mfuko mgongoni una ndizi, na wanaowalisha ndio waliowafundisha.

Si mbali na lango inasimama Fischer's Tower, mnara wa mwamba wenye urefu wa mita kama 25, masalia ya uji wa volkano ulioganda kooni mwa mlima ambao umekwisha momonyoka. Jina ni la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika Naivasha mwaka 1883 na msafara uliotokea Pangani, akazuiwa na Wamaasai asiendelee mbele. Tusisahau kwamba wafanyabiashara wa misafara ya pwani walikuwa wakiijua njia ya Naivasha kabla yake, na kwamba wapagazi waliombebea mizigo hawakupewa hata jiwe moja la kuitwa kwa majina yao. Wamaasai wana simulizi yao kuhusu mwamba huo: ni msichana aliyekuwa akienda kuolewa, akakatazwa kugeuka kutazama nyumbani kwao, akageuka, akawa jiwe. Siku hizi wapanda miamba huupanda kwa kamba, na viongozi wa kazi hiyo hupatikana papo hapo.

Mimi pale huvutiwa zaidi na pimbi. Wanaishi kwenye nyufa za mwamba ule, wanene, rangi ya udongo, na wamewazoea watu kiasi kwamba mtu akikaa kimya wanasogea hadi karibu na viatu vyake. Mwangalie mmoja anavyopanda ukuta. Hana kucha ndefu za kushikia kama paka. Nyayo zake ni nyeusi, laini kama mpira, na daima zina unyevu unaozifanya zigande kwenye jiwe. Ndiyo maana anapanda mahali ambapo wewe huoni hata pa kuweka kidole. Meno mawili ya juu yanachungulia mdomoni, na hayo yanakumbusha jamaa zake, kwa kuwa wanasayansi wanamhesabu pimbi miongoni mwa ndugu wa karibu wa ndovu. Kila mara mmoja hukaa juu kabisa, akitazama angani. Anamtafuta tai mweusi wa Verreaux, ambaye chakula chake kikuu ni pimbi na ambaye kiota chake huwa kwenye majabali hayo hayo. Mlinzi akipiga mbinja, wote wanatoweka mwambani kwa mara moja, nawe unabaki ukiutazama mwamba mtupu.

Mwisho wa barabara kuu ni kituo cha askari, na hapo baiskeli inaachwa. Kuanzia hapo ni kwa miguu, kushuka Ol Njorowa, korongo lililoipa mbuga sifa yake. Maelfu ya miaka iliyopita, mvua ziliponyesha zaidi kuliko sasa, Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na la kina kiasi cha kufurika kuelekea kusini, na maji hayo ndiyo yaliyochimba njia hii. Ziwa likashuka, mto ukafa, korongo likabaki. Kuta zimechongwa kwa mikunjo, tabaka juu ya tabaka za majivu na mawe, na kuna sehemu ambazo mtu anagusa kuta zote mbili akinyosha mikono. Mahali pengine maji ya moto yanachuruzika kutoka kwenye ufa, yakiacha michirizi ya kijani na ya kutu ukutani. Weka kidole taratibu, kwa sababu baadhi yanaunguza kwelikweli. Utakuta pia vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika. Hicho ni kioo cha volkano, na watu wa zama za mawe walikithamini sana. Visu na vichwa vya mishale vilivyotengenezwa kwa kioo cha Naivasha vimechimbuliwa mbali na hapa, ushahidi kwamba biashara ilikuwepo kabla ya kuwepo masoko ya leo. Kiache palepale ulipokikuta.

Wapiga filamu nao walilipenda eneo hili. Wachoraji wa Disney walifika walipokuwa wakiandaa filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, na filamu ya Angelina Jolie kuhusu Lara Croft, iliyotoka mwaka 2003, ilipigwa sehemu hapa. Viongozi hupenda kuonyesha ni jabali gani lilikuwa lipi.

Nataka nikae zaidi kwenye jambo jingine la korongo hili, na naomba lisomwe kwa makini. Mwezi wa Aprili 2012, kundi la vijana wa kanisa walikuwa ndani ya Ol Njorowa maji yalipoingia. Watu 7 walikufa. Septemba 2019 maji yalikuja tena, na watu 7 wengine wakafa, korongo likafungwa. Si kwamba walikuwa wazembe. Mafuriko ya korongoni hayatoi taarifa. Mvua inanyesha juu, mbali, mahali ambapo wewe uliye chini kati ya kuta mbili huoni hata wingu. Maji yanakusanyika kwenye mabonde madogo, yanaingia yote kwenye mlango mmoja mwembamba, na yanapokufikia yanakuja na mawe na magogo. Mchanga mkavu unaoukanyaga ni kitanda cha mto. Anayejua hilo atauliza langoni kama korongo liko wazi siku hiyo, hatashuka wingu likiwa upande wowote wa upeo, hatashuka bila kiongozi wa eneo, na kiongozi akisema turudi, atarudi bila kujadiliana naye kuhusu pesa alizolipa. Wengi wa viongozi hao ni vijana wa Kimaasai waliokulia hapa. Wanazijua ngazi za dharura na sehemu za kutokea. Kuwaona kama watu wa kukwepwa ili kuokoa shilingi chache ni hesabu mbaya.

Ukiwa kwenye kilima chochote upande wa magharibi utaona moshi mweupe ukipanda kutoka ardhini. Ni mvuke wa Olkaria. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, ukiwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa barani Afrika kutumia joto la ardhini, na leo karibu nusu ya umeme wa Kenya hutokana na joto hilo, sehemu kubwa yake ikitoka hapa. Mabomba ya fedha yanakata pori kwa kilomita nyingi, na mahali pengine yameinuliwa juu kama tao ili twiga wapite chini. Mgeni wa mara ya kwanza hushtuka: je, hii ni mbuga au kiwanda? Ni vyote viwili, na sioni sababu ya kujifanya hatuoni. Umeme huo haukai kusubiri mvua kama ule wa mabwawa, wala hauchomi dizeli. Lakini gharama zake pia ni za kweli. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zipatazo 150 zilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya kabla ya kuingia kwenye upatanishi. Wanyama hawana pa kulalamikia.

Wa kwanza ningewasemea ni tumbusi. Majabali ya Hell's Gate ni makazi ya tumbusi wa Rüppell, na utayatambua kwa michirizi myeupe ya kinyesi chini ya viota. Huyu ni ndege wa ajabu: mwaka 1973 mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Ivory Coast, zaidi ya mita 11,000 kutoka ardhini. Hutaga yai 1 tu kwa wakati, na kifaranga hulelewa kwa miezi kadhaa. Kiumbe anayezaa hivyo hawezi kufidia vifo vingi vya ghafla, na vifo hivyo vipo. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa simba au fisi hutia sumu kwenye mzoga, na wanaofika mzogani kwa wingi ni tumbusi, ambao hufa kwa makumi. Nyaya za umeme huongeza wengine. Mwaka 2015 shirika la IUCN lilimweka tumbusi huyu kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Beba darubini, hata ya kuazima. Keti mbali na jabali, upande wa kivuli, usubiri saa 3 au 4 asubuhi hewa inapoanza kupata joto. Watajirusha mmoja mmoja na kupanda bila kupiga mbawa hata mara moja.

La pili ni njia. Mbuga ya kilomita 68 za mraba haimtoshi pofu wala twiga. Wanyama wa Hell's Gate hawakuwahi kuishi ndani ya mstari uliochorwa mwaka 1984; walishuka ziwani kunywa, na walipita nyanda za Kedong kuelekea Longonot na Suswa. Upande wa ziwa, mashamba ya maua, hoteli na nyumba zimejaa mpaka njia zilizobaki ni vipande. Upande wa Kedong, reli ya SGR ilifika mwaka 2019, na bandari kavu na mipango ya viwanda vikafuata. Wahifadhi huita njia hizi shoroba, na ushoroba ukishajengwa ukuta haurudi. Hatakufa mnyama yeyote siku ukuta unapokamilika, ndiyo maana jambo hili halifiki kwenye kurasa za mbele. Watapungua miaka ya kiangazi, kisha wasipate wa kuzaana nao.

Ndiyo sababu natilia mkazo baiskeli. Mjadala wa ardhi ya Kedong huendeshwa na wenye hisa, mawakili na wizara, huku umma ukitazama kama jambo la watalii. Yule kinyozi wa Kayole akishapita katikati ya pundamilia kwa nguvu za miguu yake, akasimama mita 40 kutoka kwa twiga pasipo kioo kati yao, ukuta wa Kedong unakuwa habari inayomhusu. Shule zilizoko umbali wa saa mbili zingeweza kuwaleta wanafunzi wa kidato cha kwanza wote, si wale tu ambao wazazi wao wanaweza kulipia basi la safari. Serikali za kaunti zinazotenga fedha za utalii zingeweza kuanzia hapo.

Kurudi langoni ni kupanda, mpando mdogo usioonekana kwa macho lakini unaojulikana na mapaja, na mara nyingi upepo wa alasiri uko usoni. Geuza baiskeli ukiwa bado na nusu ya maji na saa kadhaa za mwanga, kwa kuwa mbuga hufungwa saa 12 jioni na nyati hutoka kabla ya hapo. Mwenye nguvu na muda anaweza kuzunguka kwa Buffalo Circuit, njia ndefu yenye milima zaidi na watu wachache.

Aliye na siku ya pili alale Naivasha, aende Longonot, hifadhi nyingine ya watembeao kwa miguu. Kutoka lango hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3 na kidogo za kupanda, na kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2 zaidi, kupitia kilele cha mita 2,776. Kutoka huko juu kila kitu nilichoeleza kinaonekana kwa mara moja: ziwa na mabanda meupe yanayolizunguka, mvuke wa Olkaria, majabali ya Hell's Gate, na katikati ule ukanda wa nyanda za Kedong, mpana bado. Anza kupanda kabla ya saa 2 asubuhi. Kwenye ukingo hakuna mti wa kivuli, na jivu likishapata jua linateleza kuliko tope.